Denari ya Nero ina fedha kiasi gani?

Mwaka 64 BK, mwaka ule ule jiji la Roma lilipoungua, utawala wa Kaisari Nero ulipunguza uzito wa denari, sarafu ya fedha ambayo askari walilipwa na majimbo yalilipia kodi. Ratili moja ya Kirumi, takriban gramu 325, ilikuwa ikitoa denari 84. Sasa ikatoa 96. Juu ya hilo hakuna mabishano makubwa, kwa sababu sarafu zipo na mizani ipo.

Mabishano yapo kwenye jambo ambalo mizani haiwezi kulisema: katika denari hiyo mpya, fedha halisi ni kiasi gani na shaba ni kiasi gani? Katika miaka ya 1970 mtafiti D. R. Walker alipima idadi kubwa ya sarafu za fedha za Kirumi kwa eksirei na kuchapisha matokeo yake katika juzuu tatu. Kwa denari za Nero baada ya mabadiliko, jibu lake lilikuwa karibu asilimia 93. Kwa miongo mitatu na zaidi wanahistoria wa uchumi walijenga hoja zao juu ya namba hizo. Kisha mwaka 2014 Kevin Butcher wa Chuo Kikuu cha Warwick na Matthew Ponting wa Chuo Kikuu cha Liverpool wakachapisha vipimo vyao vya sarafu za aina hiyo hiyo. Jibu lao lilikuwa karibu asilimia 80.

Walker hakukosea hesabu, wala mashine yake haikuwa mbovu. Yeye alikwangua ukingo kidogo na kupima karibu na uso wa sarafu. Butcher na Ponting walitoboa tundu dogo ukingoni, wakatupa unga wa mwanzo uliotoka, wakapima ule wa ndani. Umbali kati ya majibu hayo mawili ni sehemu ya milimita moja, na ndani ya umbali huo wanakaa Nero wawili: mmoja aliyepunguza ubora wa pesa kidogo tu, na mwingine aliyeondoa karibu sehemu ya tano ya fedha na kuweka shaba mahali pake.

Ndiyo maana nikisoma kwamba kitu fulani cha kale kimepimwa bila kuharibiwa, huwa sianzi kwa kuuliza mashine iliyotumika ni ipi. Nauliza imeona hadi kina gani. Majina ya mashine ni mengi na yanatisha, lakini karibu kila jambo katika somo hili linafunguka ukilishika swali hilo moja.

Uso uliotengenezwa kiwandani

Tuanze na kilichotokea kiwandani, kwa sababu tatizo lilizaliwa huko. Aloi ya fedha na shaba yenye shaba asilimia 20 haina ule weupe wa fedha safi, inavuta wekundu. Mtu akiipokea mkononi anaweza kuitilia shaka. Fundi alikuwa na dawa yake. Kipande cha metali ambacho hakijapigwa chapa kilipashwa moto mahali penye hewa. Shaba iliyo karibu na uso ikaungana na oksijeni na kuwa utandu mweusi, huku fedha ikibaki ilivyo. Kisha kipande kikatumbukizwa kwenye asidi hafifu, ambayo iliuyeyusha utandu ule. Kilichobaki usoni kilikuwa fedha tupu, yenye vitundu vitundu pale shaba ilipong'oka. Nyundo iliposhuka kupiga sura ya Kaisari, vitundu vikabanwa, na sarafu ikatoka nyeupe, inang'aa, inaaminika.

Baada ya fundi ikaja kazi ya udongo. Sarafu iliyolala ardhini kwa miaka 1,900 huliwa na unyevu na chumvi, na kinacholiwa kwanza ni shaba, kwa kuwa fedha ni ngumu zaidi kushambuliwa. Kwa hiyo tabaka la nje linazidi kuwa na fedha nyingi kuliko moyo wa sarafu. Halafu akaja mkusanyaji wa karne ya 19 na asidi yake ya kusafishia, akaondoa shaba iliyosalia usoni. Mikono mitatu imepita juu ya sarafu hiyo, na yote mitatu imesukuma jibu upande mmoja: fedha ionekane nyingi kuliko ilivyo.

Sasa mlete mtafiti mwenye kifaa cha XRF. Siku hizi kifaa hicho kinashikwa mkononi kama bastola, na mbali na makumbusho kinatumiwa na wanunuzi wa vyuma chakavu na watu wa madini. Ukikielekeza kwenye metali na kubonyeza, kinatoa eksirei. Eksirei hizo zinagonga atomu na kuing'oa elektroni iliyo karibu kabisa na kiini. Pengo hilo halikai wazi: elektroni ya tabaka la juu inashuka kulijaza, na katika kushuka inatoa eksirei nyingine yenye nguvu maalumu ya elementi ile. Shaba inajibu kwa nguvu ya kiloelektronivolti 8 hivi, dhahabu kwa 9.7, fedha kwa 22. Kifaa kinahesabu majibu, na ndani ya dakika moja skrini inaonyesha orodha ya asilimia. Sarafu haijaguswa. Unairudisha kwenye droo yake.

Tatizo ni kwamba jibu la atomu lazima litoke nje ya metali ndipo lisikike, na eksirei dhaifu kama ile ya shaba haiwezi kupita kwenye metali nzito isipokuwa iwe imezaliwa karibu sana na uso. Katika sarafu ya fedha, kinachosikika kinatoka ndani ya maikromita makumi machache tu, chini ya unene wa unywele. Tabaka lililotajirishwa fedha linaweza kuwa nene kuliko hapo mara kadhaa. Kifaa kinasema ukweli mtupu kuhusu ngozi ya sarafu, na hakijui lolote kuhusu nyama yake. Protoni zinazorushwa na kichapuzi cha AGLAE, mashine ya kuzipa chembe kasi iliyowekwa chini ya jumba la Louvre jijini Paris, zina usahihi mkubwa kuliko bastola ya mkononi, lakini nazo zinaishia karibu na uso.

Makosa haya hayaendi upande mmoja siku zote, na hilo ndilo linalofanya kazi kuwa ngumu. Mnamo mwaka 23 KK hivi, Kaisari Augusto alianza kufua sestertii na dupondii, sarafu za thamani ya chini, kwa aloi ya manjano ya shaba na zinki, ambayo Warumi waliiita orichalcum. Zinki huchemka ikifika nyuzi 907, kabla hata shaba haijayeyuka kwa nyuzi 1,085, kwa hiyo huwezi kuzichanganya tu kwenye chungu, zinki itapaa. Mafundi waliweka shaba, madini ya zinki na makaa kwenye chombo kilichozibwa, mvuke wa zinki ukapenya ndani ya shaba ingali ngumu. Kwa njia hiyo zinki inafika kama asilimia 28, haizidi sana. Kila aloi hiyo ilipoyeyushwa upya, zinki kiasi ikapotea hewani, ndiyo maana kushuka kwa zinki katika sarafu za karne zilizofuata kunawaambia watafiti kwamba metali chakavu ilikuwa inarudi tanuruni. Lakini ardhini zinki ndiyo inayotoroka kwanza kutoka usoni. Ukipima uso, utadhani sarafu ya Augusto ni ya miaka mia baadaye. Fedha inadanganya kwa kujikuza, zinki inadanganya kwa kujipunguza.

Bronzi, aloi ya shaba na stani (bati), ina ukaidi wake. Shaba ikiyeyuka na kuondoka, stani hubaki usoni kwa wingi usio wa kweli. Risasi, ambayo Warumi waliimwaga kwa ukarimu kwenye sanamu zao ili metali itiririke vizuri kwenye kalibu, haiyeyuki ndani ya shaba iliyoganda. Inakaa kama matone matone. Elekeza kifaa kwenye tone, upate risasi nyingi. Sogeza milimita mbili, upate kidogo. Mtu anayeripoti kipimo kimoja cha sanamu nzima ya bronzi, kwa maoni yangu, hajaripoti kitu.

Hata hivyo kifaa cha uso si cha kudharauliwa, mradi swali lenyewe liwe la uso. Ukitaka kujua jinsi dhahabu ilivyopakwa juu ya sanamu, tafuta zebaki. Ikiwepo, fundi alichanganya dhahabu na zebaki kisha akaifukuza zebaki kwa moto. Isipokuwepo, huenda alibandika majani membamba ya dhahabu. Hapo bastola ya XRF inatosha, tena inatosha sana.

Warumi wenyewe walilijua hili

Shaka kuhusu kilicho ndani ya sarafu haikuanza na wanasayansi. Denari nyingi zina alama ndogo za kupigwa pembeni au usoni, kazi ya wabadilisha pesa waliotaka kuona kama chini ya fedha hakuna moyo wa shaba. Walikuwa na sababu: sarafu za shaba zilizovikwa ganda la fedha zilizunguka kwa wingi. Tacitus, akiandika mwaka 98 BK kuhusu makabila ya Kijerumani, anasema watu hao walipenda pesa za zamani walizozizoea, zikiwemo zile zenye meno meno ukingoni. Wafanyabiashara wa India nao hawakuwa wajinga. Malimbiko ya denari yaliyochimbuliwa kusini mwa India yamejaa sarafu za Augusto na Tiberio, zile za kabla Nero hajaugusa ubora. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 uitwao Periplus, ule ule unaoitaja pwani yetu kwa jina la Azania na bandari ya Rhapta, unaeleza kwamba katika bandari ya Barygaza, kaskazini magharibi mwa India, pesa za Kirumi za dhahabu na fedha zilibadilishwa kwa faida.

Njia ya kupima bila kukata nayo ni ya kale. Ni Vitruvius, msanifu majengo Mrumi wa karne ya 1 KK, aliyetuachia kisa cha Archimedes na taji la mfalme wa Sirakusa: dhahabu iliyochakachuliwa kwa fedha inachukua nafasi kubwa zaidi majini kuliko dhahabu safi yenye uzito ule ule. Kwa dhahabu njia hii bado inafaa, maana sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3 na ya fedha 10.5, tofauti ambayo mizani ya kawaida inaiona. Kwa denari haifai kitu. Shaba ni 8.96 na risasi ni 11.3, kwa hiyo fundi mjanja anaweza kuzichanganya hizo mbili akapata uzito wa fedha bila chembe ya fedha ndani.

Kuingia ndani bila kutoboa

Butcher na Ponting walitoboa kwa sababu nzuri, na tundu lao ni dogo, pembeni, mahali ambapo jicho halitui. Lakini ni makumbusho mangapi yatakubali? Sarafu iliyo moja tu duniani haitobolewi. Kwa hiyo wakaja wanafizikia na chembe zinazopenya.

Ya kwanza ni nyutroni. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo haivutani na mawingu ya elektroni. Inapita katikati ya metali hadi ikutane na kiini. Inaingia sentimita kadhaa pale eksirei ya kawaida inapokwama. Katika maabara ya ISIS huko Harwell, Uingereza, protoni huongezwa kasi kisha hupigizwa kwenye kipande cha metali nzito, na nyutroni zinatimka. Boriti, yaani mkondo mwembamba, ya nyutroni hizo ikielekezwa kwenye sarafu nzima, safu za atomu ndani ya fuwele za metali zinazitawanya kwa pembe maalumu. Kutokana na pembe hizo unajua umbali kati ya atomu na atomu, na umbali huo unabadilika kulingana na aloi: stani inayoingia kwenye shaba inazisukuma atomu zikae mbali kidogo, kwa hiyo ukipima nafasi unakuwa umepima stani. Na hicho ni kipimo cha ujazo wote, hakihusu ngozi peke yake.

Kinachonivutia zaidi kwenye nyutroni ni kwamba hazisomi vilivyomo tu, zinasoma pia kazi ya mikono. Metali iliyomwagwa kwenye kalibu na kuachwa ipoe ina fuwele kubwa zilizokaa bila mpangilio mmoja au zilizofuata njia ya kupoa. Iliyopigwa nyundo ina fuwele zilizolalia upande mmoja, zimebanwa. Iliyopigwa kisha ikapashwa moto tena ina fuwele mpya. Mtu anayeghushi sarafu kwa kuimwaga kwenye kalibu ya udongo anaweza kupatia aloi barabara, lakini fuwele zitamsema.

Sasa ule ufafanuzi ambao taarifa za magazeti huuruka. Kupima kwa nyutroni hakuharibu kitu kwa macho, ila hakukiachi kama kilivyokuwa. Baadhi ya viini humeza nyutroni na kuwa na mnunurisho, yaani huanza kutoa mionzi ya nyuklia. Fedha hutoa isotopu (aina za atomu za elementi moja) mbili zinazofifia haraka, moja kwa sekunde 24 hivi na nyingine kwa dakika mbili na nusu, yaani muda ambao nusu yake huwa imekwisha. Shaba hutoa moja ya saa 12.7. Dhahabu, siku 2.7. Zipo pia za kukera: isotopu moja ya fedha hupungua nusu kwa siku 250. Kwa hiyo sarafu ikitoka kwenye boriti hairudi moja kwa moja kwenye mkoba wa mhifadhi aliyeileta. Inapimwa mnunurisho, inawekwa kwenye kabati lililofungwa, inapimwa tena siku nyingine, na mhifadhi anarudi nyumbani mikono mitupu akisubiri simu. Kabla ya kuomba muda wa boriti, wataalamu hupiga hesabu ya kiasi cha nyutroni kisije kikamfungia mtu sarafu yake kwa mwaka mzima. Hakuna mkwaruzo, ni kweli. Ila kwamba hakuna kilichobadilika, hilo si kweli kabisa.

Nyutroni zina tabia nyingine inayoshangaza watu waliozoea hospitali. Risasi, ambayo huvaliwa kuzuia eksirei, kwa nyutroni iko karibu wazi. Haidrojeni, ambayo kwa eksirei ni kama haipo, inazizuia nyutroni vikali. Ukipiga picha ya kitu cha risasi kwa nyutroni, risasi inafifia na vilivyomo ndani, kutu yenye maji, gundi, mabaki ya mbao au ya ngozi, vinajitokeza. Kwa hiyo eksirei na nyutroni ni mashahidi wawili wanaoona vitu tofauti katika chumba kimoja, na maabara zenye uwezo huwaita wote wawili.

Kwa vitu vingi eksirei zenye nguvu zinatosha, hasa swali likiwa la umbo. Mwaka 2007, katika mji wa Bath, Uingereza, wanaakiolojia walikuta rundo la sarafu za Kirumi zilizoshikana kwa kutu. Badala ya kulipasua papo hapo walilinyanyua pamoja na udongo wake, na Chuo Kikuu cha Southampton kikalipiga eksirei. Picha zikaonyesha kwamba halikuwa rundo moja bali mifuko tofauti, kila mmoja ukiwa bado umeshika umbo lake ingawa ngozi ilikuwa karibu imeoza yote. Mwisho wa kazi ikahesabiwa mifuko minane na sarafu 17,577. Wahifadhi walifungua mfuko mmoja mmoja, wakijua wapi kila mmoja unaishia. Wangelimwaga rundo lile kwenye beseni, tungekuwa na sarafu zile zile na tusingejua kamwe ni nani aliyezipanga na kwa mpango gani.

Muoni

Hii ndiyo njia ninayoiona ya kuvutia kuliko zote, na pia ndiyo inayolijibu moja kwa moja lile swali la kina.

Muoni ni chembe ya aina ya elektroni, yenye chaji ile ile hasi, ila ina uzito mara 207. Haikai sana duniani: ukiigawa sekunde moja katika sehemu milioni moja, wastani wa maisha yake ni sehemu 2.2 tu. Inatengenezwa kwa kupitisha protoni kwenye kipande chembamba cha kaboni. Ikiingia kwenye metali inapunguza mwendo polepole kwa kugonganagongana, mpaka inasimama, na pale iliposimama atomu inaidaka kana kwamba ni elektroni yake. Kwa kuwa ni nzito, inazunguka karibu na kiini mara 207 kuliko elektroni ya kawaida. Inashuka ngazi kwa ngazi, na kila inaposhuka inatoa eksirei. Mantiki ni ile ile ya XRF, ila nguvu ya eksirei hizi ni kubwa mara mia na zaidi. Eksirei ya shaba iliyokuwa inakwama baada ya maikromita makumi machache sasa inatoka nje ya sarafu bila taabu.

Utamu wake uko kwenye kusimama. Muoni ikirushwa polepole inasimama karibu na uso. Ikirushwa kwa kasi zaidi inakwenda ndani zaidi. Mtafiti anachagua kasi, kwa hiyo anachagua kina. Anaweza kupima sarafu tabaka kwa tabaka kuanzia ngozi kwenda moyoni, na kuchora jinsi fedha inavyopungua na shaba inavyoongezeka, jambo ambalo Walker hakuwa na njia ya kuliona.

Mwaka 2021 timu iliyomjumuisha Butcher na mwanafizikia Adrian Hillier wa ISIS ilichapisha vipimo vya muoni vya sarafu tatu za dhahabu: ya Tiberio, ya Hadriano na ya Juliano wa Pili. Ndani na nje vikalingana. Mtu anaweza kusema ni matokeo ya kuchosha, lakini mimi naona yana thamani kubwa, kwa sababu yalionyesha kwamba kwa sarafu za dhahabu safi namna hiyo, vipimo vya uso vilivyokwisha kukusanywa miaka mingi vinaweza kuaminika. Si kila dhahabu iko hivyo. Huko Japani muoni zilielekezwa kwenye koban, sarafu za dhahabu za zama za Tenpo katika karne ya 19, na zikaonyesha dhahabu nyingi nje kuliko ndani. Fundi wa Edo, jina la kale la Tokyo, alikuwa amefanya ujanja wa aina ile ile aliofanya fundi wa Nero.

Kikwazo cha muoni ni upatikanaji. Maabara zenye boriti inayofaa ni chache mno, Uingereza, Uswisi na Japani, na muda wake unaombwa kwa maandishi na kugombewa na watu wa betri, wa sumaku na wa dawa. Hakuna atakayepima limbiko la sarafu 17,000 kwa njia hiyo. Utaratibu wenye akili ni kuzipima zote kwa XRF, kuchagua chache zenye kutia shaka au zenye kuwakilisha kundi, na kuzipeleka hizo chache kwenye boriti.

Ambacho namba haiwezi kusema

Kuna maswali ambayo mpaka leo yanadai sampuli. Risasi ina isotopu nne, na uwiano wake hutofautiana kutoka mgodi hadi mgodi. Ukiupima kwa usahihi wa kutosha unaweza kusema metali ilitoka Hispania au kwingineko. Usahihi huo unapatikana kwa kuyeyusha chembe ndogo ya metali, au kuiunguza kwa leza inayoacha shimo lisiloonekana kwa macho. Ni uharibifu mdogo sana, lakini ni uharibifu.

Na wakati mwingine uharibifu mkubwa huamuliwa kwa makusudi. Jirani na kisiwa cha Mal di Ventre, magharibi mwa Sardinia, ilizama meli ya Kirumi katika karne ya 1 KK ikiwa na vipande kama elfu moja vya risasi, kila kimoja kilo 33 hivi. Wanafizikia wa Italia waliitamani risasi hiyo kwa kuwa risasi mpya ina isotopu yenye mnunurisho, ile ya namba 210, inayopungua nusu kwa miaka 22, na baada ya miaka 2,000 majini imekwisha kabisa. Taasisi yao ilisaidia gharama za kuopoa, na mwaka 2010 ikapokea vipande 120 katika maabara ya Gran Sasso, chini ya mlima, ili viyeyushwe viwe ngao ya jaribio la kuchunguza chembe za nyutrino. Sehemu zenye maandishi ya watengenezaji zilikatwa zikahifadhiwa. Wanaakiolojia wengine walinung'unika, na nawaelewa. Tena jambo la ajabu ni kwamba kilichoifanya risasi ile itafutwe ni umri wake, kitu kile kile kinachoifanya ilindwe.

Halafu kuna maswali ambayo hata kipimo kizuri kabisa hakiyamalizi. Mwaka 1713, Transilvania, katika Romania ya leo, zilipatikana sarafu za dhahabu, baadhi zikiwa na jina la Kaisari ambaye hakuna mwandishi yeyote wa kale anayemtaja: Sponsian. Zilimwagwa kwenye kalibu badala ya kupigwa chapa, na upande wa nyuma wa sarafu ya Sponsian unaiga denari iliyofuliwa zaidi ya miaka 350 kabla ya karne ya 3 BK anayodhaniwa kuishi. Katika karne ya 19 Henry Cohen, mjuzi mkubwa wa sarafu, alizitupa kapuni kama kazi mbovu ya waghushi.

Mwaka 2022 Paul Pearson na wenzake walizichunguza zilizo katika makumbusho ya Hunterian, Glasgow, bila kuzikata. Walitumia hadubini ya mwanga, ya elektroni, mwanga wa urujuanimno na kipimo cha miale ya joto inayoakisiwa na madini ya usoni. Waliona mikwaruzo midogo ya kila upande, kama ya sarafu iliyogusana na nyingine mfukoni kwa muda mrefu. Juu ya mikwaruzo hiyo waliona chembe za udongo zilizogandishwa na silika, jambo linaloashiria kulala ardhini kwa muda mrefu. Hoja yao: sarafu ilitumika kwanza, ikazikwa baadaye, kwa hiyo ni ya kweli, na Sponsian alikuwepo, pengine akiwa kamanda aliyeachwa peke yake katika Dacia, jimbo la Kirumi lililokuwa na eneo la Transilvania ndani yake.

Angalia hapa uso ulivyogeuka. Kwa denari ya Nero, ngozi ndiyo ilikuwa kizuizi. Kwa Sponsian, ngozi ndiyo ushahidi wote, na kilichomo ndani, dhahabu yenye fedha na shaba zaidi ya sarafu rasmi za dhahabu, kinaweza kusomwa kwa namna mbili: metali ya jimbo la mbali lisilo na wasafishaji, au metali ya mghushi. Baadhi ya wataalamu wa sarafu Uingereza walikataa waziwazi. Kwao maandishi yaliyovurugika na mchanganyiko wa mitindo unazidi uzito wa mikwaruzo, na mghushi mwenye subira anaweza kuikwaruza sarafu yake na kuifukia. Mimi nadhani mikwaruzo ile ni ushahidi mzuri kuliko wapinzani wanavyokiri, na mdogo kuliko waandishi wake wanavyodai. Muoni zikiipima sarafu hiyo kutoka ngozi hadi moyo, bado hazitasema ilimwagwa mwaka gani. Kinachoweza kuumaliza ubishi ni Sponsian mwingine, atakayechimbuliwa na wanaakiolojia wenyewe katika tabaka la udongo ambalo tarehe yake inajulikana.